Wachukuzi wa Jeni: Historia ya Njia za Kuingia katika Seli ya Saratani

Historia ya elimu aghalabu huandikwa kwa majina ya watu waliogundua, na mara chache huwakumbuka waliobeba. Hamali wa bandarini hatajwi katika hati ya shehena, ilhali pasipo mgongo wake bidhaa zingalibaki melini mpaka zikaoza. Katika elimu ya jeni mambo yamekuwa hivyo hivyo. Wanafunzi hufundishwa habari za DNA, wakaambiwa pia kwamba vipande vifupi vya RNA vinaweza kuinyamazisha jeni moja miongoni mwa maelfu. Lakini ni nadra kumsikia mwanafunzi akiuliza vipande hivyo huingiaje ndani ya seli, na nani avichukuaye. Insha hii yakusudia kusimulia habari za wachukuzi hao: chumvi, sukari, umeme, mafuta na polima. Yakusudia pia kuonyesha kwamba swali liulizwalo kila siku katika maabara, yaani mchukuzi yupi ni bora kuliko wenziwe, haliwezi kujibiwa vema na mtu asiyeijua historia hiyo.

Kwanza na tuutazame mlango wenyewe. Seli ya mwanadamu imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Utando huo hauruhusu kitu kikubwa kipendacho maji kupita hivi hivi. DNA na RNA ni vitu vya namna hiyo hasa: ni virefu, hupenda maji, na kila kiungo cha uti wao kina fosfati yenye chaji hasi. Uso wa seli nao, kwa sehemu kubwa, una chaji hasi. Na vitu vyenye chaji za namna moja husukumana. Basi atakaye kuipitisha asidi hiyo mlangoni ana njia mbili. Ama aifunike chaji yake hasi kwa kitu chenye chaji chanya, seli iidhanie kuwa chakula na kuimeza; ama autoboe utando kwa nguvu. Kitendo hicho cha kuingiza, kwa njia yoyote kati ya hizo, wataalamu hukiita transfeksheni, na dawa itumiwayo kukitenda huitwa kitendanishi. Historia yote nitakayoisimulia ni historia ya njia hizo mbili.

Mwanzo wake haukuwa katika seli za watu. Mwaka 1944, huko New York, Oswald Avery na wenziwe Colin MacLeod na Maclyn McCarty walionyesha kwamba DNA iliyotolewa katika bakteria wa namna moja yaweza kuwageuza bakteria wa namna nyingine, na mageuzi hayo yakarithiwa. Ikadhihirika kwamba asidi hiyo ndiyo ichukuayo urithi. Bakteria wale walikuwa na tabia ya kuipokea DNA wenyewe; seli za wanyama hazina ukarimu huo. Mwaka 1958 wachunguzi wa virusi vya polio waliweza kuiingiza RNA tupu ya virusi hivyo katika seli za mwanadamu kwa kuziweka katika maji ya chumvi nyingi. Mwaka 1962, huko Wisconsin, Elizabeth Szybalska na Waclaw Szybalski walitumia sperimini, kitu chenye chaji chanya, wakafaulu kuipa seli ya mwanadamu urithi mpya kwa DNA iliyotoka nje.

Mwaka 1965 Antti Vaheri na Joseph Pagano walitumia dekstrani, ambayo ni sukari ndefu, iliyotiwa vikundi vyenye chaji chanya, na RNA ya polio ikaingia kwa wingi kuliko zamani. Mwaka 1973, huko Leiden katika Uholanzi, Frank Graham na Alex van der Eb walibuni njia iliyotawala maabara kwa miaka mingi. Walichanganya DNA na kalisi, kisha na fosfati, mpaka yakafanyika mashapo laini. Mashapo hayo yalitua juu ya seli zilizoshika sakafu ya chombo, nazo zikayameza. Njia hiyo ilikuwa rahisi kwa bei, walakini ilikuwa na hila zake: uchachu wa mchanganyiko ukipungua au ukizidi kidogo tu, mashapo huwa makubwa mno au hayatokei kabisa, na kazi ya siku nzima huharibika. Msomaji na aliweke akilini neno nililolisema, kwamba mashapo yalitua juu ya seli zilizoshika sakafu. Tutalirudia baadaye, kwa maana ndani yake mna fumbo la insha hii.

Hapana budi sasa kusema habari za seli zenyewe, kwa kuwa mchukuzi hawezi kupimwa pasipo nyumba ya kuingia. Mwaka 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, George Gey alipokea kipande cha uvimbe wa saratani ya mlango wa kizazi cha mama mmoja, Henrietta Lacks, Mmarekani Mweusi mwenye umri wa miaka 31. Mama huyo alifariki tarehe 4 Oktoba mwaka huo huo, lakini seli zake ziliendelea kugawanyika katika chupa, na zingali zikigawanyika hata leo kwa jina la HeLa. Hakuombwa ruhusa, wala jamaa zake hawakuambiwa kwa miaka mingi. Seli za HeLa hushika sakafu ya chombo, hukua upesi, na humeza kila kipakiwacho juu yake. Kwa sababu hiyo zikawa ndizo kipimo cha ulimwengu: wachukuzi wengi walijaribiwa kwazo.

Miaka michache baadaye Afrika Mashariki nayo iliingia katika historia hii. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago huko Kampala, aliwaona watoto waliovimba mataya kwa namna asiyoifahamu, na mwaka 1958 alichapisha maelezo yake juu ya uvimbe huo, ambao leo wachukua jina lake. Mwezi Machi mwaka 1961 alitoa mhadhara huko London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo Anthony Epstein, mchunguzi wa virusi. Epstein akaomba apelekewe vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa miaka miwili hakupata kitu. Mwezi Desemba mwaka 1963 ndege iliyochukua kipande kimoja ilizuiwa na ukungu, ikatua Manchester badala ya London, na chupa ikafika imechelewa na maji yake yamechafuka. Mtu mwenye haraka angaliitupa, akidhani kwamba bakteria wameiharibu. Epstein aliweka tone moja chini ya hadubini, akaona kwamba uchafu ule ulikuwa ni seli hai za uvimbe zilizojibandua na kuelea majini. Kutokana na kuelea huko alipata wazo la kuziotesha hivyo hivyo, zikiwa zimeelea. Zikakua, na mwaka 1964 yeye na Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza virusi walivyoviona ndani yake. Katika miaka hiyo hiyo uvimbe wa Burkitt uliwapa wataalamu ukoo mwingine wa seli: Raji, ulioanzishwa na Robert Pulvertaft kutokana na mgonjwa wa Nigeria, na Daudi, ulioanzishwa mwaka 1967 na Eva Klein na George Klein wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, kutokana na kijana wa Afrika Mashariki. Seli hizo zote huishi zikielea. Kwa hiyo, tangu miaka ile, maabara za dunia zilikuwa na makabila mawili ya seli za saratani: zishikazo sakafu na zieleazo.

Turudi kwa wachukuzi. Mwaka 1982 Eberhard Neumann na wenziwe walionyesha njia ya kutoboa. Walizipiga seli za panya kwa mshtuko mfupi wa umeme, utando ukafunguka vitundu kwa kitambo kidogo, DNA ikapita, kisha utando ukajifunga. Njia hii haijali kama seli imeshika sakafu au yaelea. Walakini gharama yake ni kubwa, kwa maana seli nyingi hufa kwa mshtuko. Mwaka 1987 Philip Felgner na wenziwe, huko California, walileta njia ya mafuta. Waliunda lipidi yenye chaji chanya, wakaifanya viputo vidogo. Viputo vikaikumbatia DNA, vikashikamana na utando wa seli na kuingia. Katika taarifa yao waliandika kwamba njia hiyo ilizishinda kalisi na dekstrani kwa mara 5 mpaka zaidi ya mara 100, kwa kutegemea ukoo wa seli. Wasomaji wengi waliishika ile hesabu ya 100 wakayaacha maneno yaliyoifuata. Lakini maneno hayo ndiyo yenye uzito. Mtu asemaye kwamba dawa moja ni bora kuliko nyingine mara 5 au mara 100, kwa kutegemea seli, hajasema habari ya dawa peke yake. Amesema habari ya dawa na seli kwa pamoja.

Mwaka 1995 Jean-Paul Behr na wenziwe, huko Strasbourg katika Ufaransa, waliongeza polima iitwayo polietilenimini. Kazi yake yatukumbusha kwamba kuingia si kufika. Seli inapomeza kitu hukifungia katika kifuko, na kifuko hicho huchukuliwa mpaka mahali pa kumeng'enyea, ambako kila kilichomo huvunjwavunjwa. Mchukuzi asiyeweza kutoka kifukoni ni kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni, kisha akafungiwa humo. Behr alidhani kwamba polima yake huzinywa chembe za asidi zilizomo kifukoni, mpaka maji yakajaa na kifuko kikapasuka. Maelezo hayo yangali yakibishaniwa. Lakini ulazima wa kutoka kifukoni haubishaniwi na mtu yeyote.

Wakati wachukuzi walipokuwa wakistawi hivi, mzigo mpya ulikuwa ukijitayarisha pahali pengine kabisa. Mwaka 1990, huko Marekani, Carolyn Napoli, Christine Lemieux na Richard Jorgensen walitaka kuzidisha urujuani wa maua ya petunia, wakayaongezea nakala ya jeni ya rangi. Maua mengine yakatoka meupe: jeni iliyoongezwa iliinyamazisha na ile iliyokuwamo. Mwaka 1995 Su Guo na Kenneth Kemphues walikuwa wakichunguza mnyoo mdogo wa udongoni. Walitia RNA pinzani ili kuzuia jeni moja, na jeni ikazuiwa kama walivyotazamia. Kwa ajili ya ulinganisho wakatia pia RNA isiyo pinzani, ambayo haikupasa kufanya neno lolote. Nayo ikazuia sawasawa. Hawakulificha tokeo hilo lililowasumbua, bali waliliandika. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello wakalifumbua fumbo: kilichonyamazisha kilikuwa ni RNA ya nyuzi mbili, na kiasi kidogo mno kilitosha. Kwa ugunduzi huo walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2006. Tazama basi kwamba mlango wa elimu hii ulifunguliwa kwa jaribio la ulinganisho, ambalo watu wavivu huliona kuwa ni kazi ya ziada.

Mnyoo yule huweza kuipokea RNA hata kwa kulishwa bakteria walioibeba. Seli za mwanadamu hazikubali hivyo, tena zina kizuizi kingine: zikiona RNA ndefu ya nyuzi mbili, yenye zaidi ya jozi 30 hivi, huidhania kuwa ni virusi, zikapiga mbiu ya hatari na kusimamisha utengenezaji wa protini kwa jumla. Mwezi Mei mwaka 2001, Sayda Elbashir na wenziwe katika maabara ya Thomas Tuschl huko Göttingen, Ujerumani, walitangaza ufumbuzi. Walitengeneza vipande vya nyukleotidi 21, ambavyo ni vifupi mno kuamsha mbiu ile, navyo vikainyamazisha jeni iliyokusudiwa peke yake. Vipande hivyo huitwa siRNA. Moja ya jeni walizozinyamazisha ilikuwa ya lamini, protini ya ukuta wa kiini, katika seli za HeLa. Na mchukuzi wao alikuwa ni lipidi yenye chaji chanya, ya ukoo ule ule ulioanzishwa mwaka 1987. Hivyo wale wenye mzigo na wale wenye mgongo walikutana.

Walakini mzigo huu haukuwa sawa na ule wa zamani. DNA yapaswa kufika ndani ya kiini cha seli ndipo ifanye kazi. SiRNA hufanya kazi nje ya kiini, katika utomvu wa seli, basi safari yake ni fupi. Kwa upande mwingine, DNA ya mviringo itumiwayo maabara ina maelfu ya fosfati, na lipidi hushikamana nayo kwa maelfu ya vishikizo. SiRNA ina fosfati 40 hivi tu, tena ni ngumu kama kijiti, haikunjiki. Mchukuzi aliyezoea kufunga furushi kubwa aweza kukiangusha kijiti hicho njiani, au akakishika mno asiweze kukiachia kifikapo. Kwa sababu hiyo mchukuzi mwema wa DNA si lazima awe mchukuzi mwema wa siRNA. Makampuni yalilitambua hilo, na baada ya mwaka 2001 yaliuza vitendanishi vilivyotengenezwa mahsusi kwa kazi hii: HiPerFect, DharmaFECT, Lipofectamine RNAiMAX na vinginevyo, kila kimoja na sifa zake katika karatasi iliyofungiwa pamoja nacho.

Hapa ndipo mchunguzi kijana hukwama. Karatasi moja yasema dawa hii yashinda zote. Karatasi ya pili yasema ile. Wahenga wetu walikwisha kulieleza jambo hili: mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Si kwamba wauzaji husema uongo. Muuzaji huchagua seli ambayo dawa yake hufanya vizuri, na kiasi kinachoifaa, na saa inayoipendeza. Kila neno aliandikalo laweza kuwa kweli, na mnunuzi akapotea vile vile. Dawa ya kujikinga na upotevu huo ni kupima mwenyewe, katika seli zile zile atakazozitumia.

Katika kupima, maswali ni manne, na yana utaratibu wake. Je, mzigo uliingia? Swali hili hujibiwa kwa kuitia siRNA rangi ing'aayo na kuitazama kwa hadubini. Lakini mng'ao hauonyeshi kama mzigo umetoka kifukoni, na watu wengi wameshangilia mng'ao wa wafungwa. Je, jeni ilinyamaza? Hili hujibiwa kwa kuupima ujumbe wa jeni, yaani RNA yake, baada ya siku moja au mbili. Je, protini ilipungua? Protini nyingine huishi siku nyingi. Ujumbe waweza kukoma leo na protini ikabaki mpaka kesho kutwa, basi apimaye mapema hudhani kwamba dawa haikufaa. Na je, seli i hali gani? Swali hili la mwisho husahauliwa kuliko yote, ilhali ndilo liwezalo kuyapindua matatu ya kwanza. Chaji chanya, ambayo ndiyo nguvu ya mchukuzi, ndiyo pia sumu yake: ikizidi, huujeruhi utando uliokuwa ukibembelezwa ufunguke. Methali yetu husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mchukuzi aingiaye akamwua mwenyeji hakuleta habari ya jeni, bali ameleta msiba.

Tuchukue mfano wa kubuni, ili hesabu iseme yenyewe. Mchunguzi ataka kujua kama jeni fulani husaidia seli za uvimbe kuishi. Anao wachukuzi wawili. Kwa mchukuzi wa kwanza, kati ya kila seli 100 zilizomo katika chombo kisichoguswa, zimebaki 40 katika chombo kilichotiwa siRNA. Kwa mchukuzi wa pili zimebaki 63. Mtu mwenye haraka atasema kwamba wa kwanza ni bora, kwa maana ameangusha seli 60, na mwenziwe 37 tu. Sasa mchunguzi atazame vyombo vya ulinganisho, vilivyotiwa mchukuzi yule yule pamoja na siRNA isiyolenga jeni yoyote. Kwa mchukuzi wa kwanza zimebaki 50. Kwa wa pili zimebaki 90. Basi katika chombo cha kwanza nusu ya seli ziliuawa na mchukuzi, na ukimya wa jeni ulizipunguza kutoka 50 mpaka 40 tu, yaani sehemu 2 katika 10. Katika chombo cha pili ukimya wa jeni ulizipunguza kutoka 90 mpaka 63, yaani sehemu 3 katika 10. Mchukuzi aliyeua wachache ndiye aliyedhihirisha zaidi kazi ya jeni. Kama vyombo vya ulinganisho visingalikuwapo, sumu ya dawa ingaliandikwa daftarini kwa jina la jeni, na jeni hiyo ingalitangazwa kuwa ni shabaha ya tiba ya saratani zaidi ya inavyostahili.

Hatari hiyo si ya mfano tu. Mwaka 2003 Aimee Jackson na wenziwe walichunguza maelfu ya jeni kwa mara moja, wakaona kwamba siRNA iliyoundwa kwa ajili ya jeni moja huweza kuzipunguza nyingine zifananazo nayo kwa sehemu ndogo tu. Mwaka huo huo jarida la Nature Cell Biology liliwataka waandishi wake waonyeshe ulinganisho wa kutosha: wasitegemee siRNA moja, bali watumie mbili au zaidi zenye shabaha moja, tena, iwezekanapo, wairudishe jeni ile katika umbo lisiloweza kunyamazishwa, waone kama seli itarejea hali yake. Miaka minane ilikuwa imepita tangu Guo na Kemphues, na somo lilikuwa ni lile lile: jaribio la ulinganisho ndilo shahidi, na kesi isiyo na shahidi haina hukumu.

Sasa naweza kulirudia lile fumbo nililomwomba msomaji aliweke akilini. Mashapo ya mwaka 1973 yalitua juu ya seli zilizoshika sakafu. Viputo vya mwaka 1987 na wajukuu wao hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo kwa sehemu kubwa. Je, ikiwa seli zaelea? Mchukuzi huzama, na seli huelea. Tena seli nyingi za ukoo wa damu hazina mwelekeo wa kumeza kama HeLa. Hivyo Raji na Daudi, na ndugu zao waliotokana na uvimbe wa Burkitt, huzikataa lipidi nyingi ambazo HeLa huzipokea kwa mikono miwili. Kuelea kulikomsaidia Epstein mwaka 1963 ndiko kunakowasumbua wachukuzi hata leo. Wachunguzi wa seli hizo aghalabu hulazimika kurudi kwenye mshtuko wa umeme wa mwaka 1982, uliotengenezwa upya kwa upole zaidi, au hutumia virusi vilivyofugwa kuwa wachukuzi.

Jambo hili si dogo. Tangu mwaka 1982 yajulikana kwamba katika uvimbe wa Burkitt jeni iitwayo MYC huhamishwa kutoka kromosomu ya 8, aghalabu ikapelekwa kwenye kromosomu ya 14, ikawekwa jirani na jeni za kingamwili, ambako huamrishwa kusema pasipo kunyamaza. Kama kuna saratani iliyoomba kwa jina kujaribiwa kwa ukimya wa jeni, ndiyo hii. Nao ni ugonjwa wa watoto, uonekanao zaidi katika sehemu za Afrika ambako malaria ni nyingi. Ikiwa orodha ya wachukuzi bora yapangwa kwa kuitazama HeLa peke yake, basi kila anayeifuata orodha hiyo huvutwa, bila ya kukusudia, kuelekea seli zilizo rahisi na kuziacha zilizo ngumu. Na pamoja na seli huachwa ugonjwa, na pamoja na ugonjwa huachwa wenye kuugua. Sidai kwamba mtu yeyote aliipanga dhuluma hiyo. Nasema tu kwamba kipimo kikiwa kimoja, visivyolingana nacho husahauliwa.

Nje ya chupa mambo ni magumu zaidi. Mwezi Agosti mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya siRNA, iitwayo patisiran, kwa ugonjwa wa kurithi uletwao na protini itokayo katika ini. Mchukuzi wake ni chembechembe ya lipidi yenye werevu mpya: katika damu haina chaji kubwa, basi haimjeruhi mwenyeji, ifikapo katika uchachu wa kifuko hupata chaji chanya na kusaidia mzigo kutoka. Wachukuzi wa ukoo huo ndio waliobeba pia chanjo za RNA za mwaka 2020 dhidi ya Uviko-19. Lakini damu huzipeleka chembechembe hizo kwenye ini kwa wepesi. Uvimbe ulio katika taya au tumbo la mtoto haufikiwi kwa wepesi huo. Kwa hiyo mtu aliyeona seli zikinyamaza katika chombo chake asiandike kwamba amepata tiba. Amepata swali lililo wazi zaidi kuliko lile alilokuwa nalo jana, na hilo ni faida ya kutosha.

Kutokana na historia hii nachota mambo mawili. La kwanza ni la kazi. Asiulize mtu, mchukuzi yupi ni bora. Na aulize, ni bora kwa seli ipi, kwa mzigo upi, kwa kiasi gani, na kwa kumdhuru mwenyeji kiasi gani. Atakapochapisha tokeo lake, aviandike vyombo vya ulinganisho pamoja na vyombo vya ushindi, hata vikimsumbua, kama walivyofanya wale wawili wa mwaka 1995.

La pili ni la deni. Wachukuzi wote hawa walijifunza kazi yao katika nyumba za watu. Mama wa Baltimore hakuulizwa. Mwaka 2023, miaka 72 baada ya kufa kwake, warithi wake walifikia mapatano na kampuni moja iliyokuwa ikiuza bidhaa zitokanazo na seli zake. Watoto wa Uganda, Kenya na Nigeria, ambao seli zao zimeenea katika majokofu ya dunia, wengi wao hawajulikani hata kwa majina. Hatuwezi kuwalipa. Lakini tunaweza kuacha kuziita seli zao ngumu, kana kwamba kosa ni lao, na kuanza kusema ukweli ulivyo: kwamba wachukuzi wetu bado hawajajifunza kuingia katika nyumba hizo kwa adabu. Mwanafunzi atakayeitwaa kazi hiyo, naye anaweza kuwa mwanafunzi wa Makerere, Nairobi au Dar es Salaam, atakuta chupa ya Daudi mezani, mawingu yakielea majini kama yalivyoelea mwaka 1963. Asiitupe kabla ya kutia tone chini ya hadubini.